Msomi Asiyejua Kushika Spana

Insha hii ninaiandika kuwapinga watu watatu, na ni haki msomaji awajue mapema. Wa kwanza ni mwenye gari ambaye hajawahi kufungua boneti ya gari lake mwenyewe, akaishi nalo kama mtu anayefuga mnyama asiyejua anakula nini. Wa pili ni yule anayesema kwamba gari la zamani ni mzigo na fedheha, na dawa yake ni kuuzwa kama chuma chakavu. Wa tatu, na huyu ndiye ninayegombana naye zaidi kwa kuwa ni mwalimu mwenzangu, ni yule anayeamini kwamba kazi ya mikono ni fungu la mtoto aliyeshindwa darasani. Kwa sura watu hawa hawafanani. Nitajaribu kuonyesha kwamba ni ndugu wa baba mmoja, na baba yao ni dharau ya kazi.

Ushahidi wangu umeegeshwa chini ya mwembe, nje ya nyumba yangu hapa Maneromango. Ni gari aina ya Datsun 1600 SSS lililotengenezwa mwaka 1971. Nililinunua mwaka 1986 kutoka kwa daktari mmoja aliyekuwa akirudi kwao, wakati huo nikiwa mkufunzi katika chuo cha ualimu. Nimekuwa nalo miaka yote niliyokuwa mkuu wa shule, na ninalo hata sasa ninapoishi kwa pensheni. Kijana wa leo akilitazama huona gari la milango minne lenye pembe kama kasha la chai. Hajui kwamba zile herufi tatu za S zilimaanisha gari la mbio lililovalishwa nguo za gari la familia. Mwaka 1970 gari la aina hii, likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na mwenzake Hans Schüller, lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yale mashindano ya tope na vumbi yaliyoanza mwaka 1953. Mwaka uliofuata wawili hao walishinda tena kwa Datsun 240Z, ambalo hata mtoto mdogo angelitambua kuwa ni gari la mbio. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akaipa tena 240Z ushindi.

Gari langu na hiyo 240Z ni ndugu. Injini zao zilibuniwa kwa mtindo mmoja, ila langu lina silinda nne na lile lina sita. Injini ya kwangu ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,595. Shafti inayosukuma valvu imekaa juu, nayo huzungushwa kwa mnyororo wa chuma, si kwa mkanda wa mpira. Kabureta ni mbili. Nyuma, kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake, kwa hiyo gurudumu la kushoto likitumbukia katika shimo, la kulia halipati habari. Hiyo ndiyo siri iliyolifanya livumilie barabara za Safari, na ndiyo inayolifanya livumilie barabara ya kutoka Kisarawe kuja kwetu wakati wa masika. Na jambo kubwa kuliko yote ni kwamba waliolibuni hawakumficha mwenye gari kitu. Ukifungua boneti unaiona injini yenyewe, si kifuniko cha plastiki chenye jina la kampuni. Mkono unafika kwenye kila nati.

Sasa nianze na mtu wangu wa kwanza.

Waliokuwa na magari katika miaka ya 1980 watakumbuka hali ilivyokuwa. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimelimaliza taifa fedha za kigeni, na spea zilitafutwa kama dawa. Mwenye gari wa wakati ule hakuwa na hiari. Alijifunza kusafisha plagi kwa brashi ya waya, kukata gasketi kutoka katika karatasi ngumu, kuziba hozi paipu kwa mpira wa baiskeli. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, milango ilianza kufunguka, na katika miaka ya 1990 yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani, mengi na ya bei nafuu. Hilo lilikuwa jema, na sitaki tuirudie dhiki. Lakini dhiki ilipoondoka iliondoka na ujuzi wake. Tukapata kizazi cha wenye magari wanaojua mahali pa kutia petroli na mahali pa kutia ufunguo, basi.

Mtu huyu hujitetea kwa kusema, "Mimi nina kazi yangu, fundi ana yake." Maneno hayo yana sauti ya busara, lakini hebu tuyapime. Miaka kadhaa iliyopita injini yangu ilianza kugonga kwa mlio mwembamba, kama cherehani inayoshona nguo nzito. Nilikuwa mjini kwa shughuli nyingine, nikaona nisikie rai ya gereji moja yenye sakafu safi na vijana waliovaa ovaroli za rangi moja. Kijana aliyepokea gari alisikiliza muda usiofika dakika moja, akaniambia injini imekwisha, ninunue nyingine, na wao wangenitafutia. Alinitajia bei iliyozidi pensheni yangu ya miezi mingi. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani polepole.

Mlio ule ulikuwa wa valvu tu. Kati ya nundu ya shafti na mkono unaosukuma kila valvu sharti pawe na nafasi ndogo sana, kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka. Kwa injini hii ikiwa ya moto, nafasi hiyo ni robo ya milimita kwa valvu za kuingiza hewa, na milimita 0.30 kwa valvu za kutoa moshi. Nafasi ikizidi, valvu hugonga. Ikipungua, valvu haifungi sawasawa na mwisho huungua. Kuzirekebisha kunahitaji spana mbili, namba 17 ya kulegeza nati ya kukazia na namba 14 ya kuzungusha, pamoja na kile kipimo cha vibamba vyembamba ambacho mafundi hukiita fila. Kibamba kikipita kwa kukwaruza kidogo, kama karatasi inayovutwa chini ya kitabu, kipimo ni sahihi. Valvu ni nane. Nilianza baada ya chai ya asubuhi, na kabla ya adhana ya adhuhuri mlio ulikuwa umekwisha. Injini iliyoambiwa imekufa imenipeleka Kisarawe na kunirudisha mara nisizoweza kuhesabu tangu siku hiyo.

Sisemi kwamba yule kijana alikuwa mwizi. Huenda aliamini alichosema, na hiyo ni hasara ya pili, kwani naye hakufundishwa kusikiliza. Ninachosema ni kwamba mwenye gari asiyejua lolote hana njia ya kumtofautisha fundi mkweli na fundi mwongo, wala fundi hodari na fundi wa kubahatisha. Wote anawalipa kwa imani. Fundi hodari anaumia zaidi katika hali hii, maana kazi yake safi na kazi chafu ya mwenzake huonekana sawa machoni pa mteja, na mteja huishia kuchagua bei ndogo. Kujifunza gari lako si kumnyang'anya fundi riziki. Ni kumpa fundi mzuri mteja anayeweza kumthamini.

Mimi mwenyewe nina mipaka yangu, na ninaiheshimu. Kichwa cha silinda kikipinda nakipeleka kwenye mashine. Krankshafti ikihitaji kuchongwa naipeleka Gerezani, Dar es Salaam, kwa watu wenye mitambo na macho ya kazi hiyo. Sifanyi mchezo na breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na sisi tulio karibu na pwani tuna unyevu wa kutosha, kwa hiyo ninayamwaga yote na kutia mapya kwa wakati wake, nisingoje pedali iwe laini. Siingii chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, na mjukuu wangu yeyote nitakayemkuta akifanya hivyo atarudi kufyeka majani. Vumbi la breki za zamani silipulizi kwa mdomo, kwa kuwa breki za zama zile zilitengenezwa kwa asbesto, nayo huharibu mapafu. Oili chafu naikusanya katika dumu, siimwagi uani, kwani maji ya kisima tunakunywa sote. Anayejitengenezea gari bila adabu hizi hanifai kuwa shahidi.

Lakini ndani ya mipaka hiyo, kazi iliyo wazi kwa mtu yeyote mwenye macho mawili na subira ni nyingi ajabu. Rangi ya plagi pekee ni barua. Ikiwa ya kahawia hafifu, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya chungu, petroli ni nyingi kuliko hewa. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta, oili inapanda mahali isipotakiwa. Ikiwa nyeupe, injini inachomwa kwa joto. Barua hiyo imeandikwa kwa kila mwenye gari, na wengi wanaitupa bila kuisoma.

Nije kwa mtu wangu wa pili, mwenye kuona fedheha.

Mwaka juzi alinipitia mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni ofisa mwenye cheo. Alinikuta nimelala chali juu ya mkeka, miguu ikiwa nje ya gari na kichwa ndani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nipe hiyo spana iliyo karibu na mguu wako."

Alinipa. Kisha akasema kwa sauti ya huruma, "Mwalimu, mpaka leo unajichafua na hili? Si ungetuambia sisi wanao tukuchangie upate jipya?"

Moyo wake ulikuwa mwema, na nilimwambia hivyo. Lakini huruma ile ilikuwa na mzizi mbaya. Alidhani nimelala pale kwa sababu ya umaskini tu, kana kwamba hakuna mtu angejichafua kwa hiari yake. Nilipotoka chini nilimuuliza gari lake mwenyewe ni la mwaka gani. Alifikiri kidogo, akataja mwaka lilipofika bandarini. Mwaka lilipotengenezwa hakuujua.

Hapo ndipo penye kichekesho cha nchi yetu. Magari mengi tunayoyaita mapya yameshatumika Japani miaka kadhaa kabla ya kupanda meli. Siku yanapoteremshwa Dar es Salaam ni ya zamani tayari, na sisi tutayatumia miaka mingine kumi na tano. Kwa hiyo swali la kulitunza gari la zamani si swali la wazee wachache wenye mapenzi na vyuma. Ni swali la karibu kila Mtanzania mwenye gari. Tofauti kati yangu na mwanafunzi wangu ni kwamba mimi najua gari langu ni la zamani, nikalitunza kama la zamani. Yeye lake analitendea kama jipya, na litamkumbusha umri wake njiani, usiku, mvua ikinyesha.

Watanijibu kwamba magari ya zamani yanatoa moshi na kuhatarisha maisha, na ndiyo maana serikali huyatoza ushuru zaidi magari yanayoingizwa yakiwa na umri mkubwa. Hoja hiyo ni nzito na siikwepi. Gari langu halina mifuko ya hewa ya kumkinga dereva, wala breki zinazojizuia zisikwame. Linakula petroli zaidi ya gari dogo la kisasa. Kwa hiyo silikimbizi, na safari ya usiku naiepuka. Ama kuhusu moshi, nasema hivi: umri hautoi moshi. Kinachotoa moshi ni ringi za pistoni zilizolika, mpira wa valvu uliokauka, chujio la hewa lililojaa vumbi la msimu mzima, na mwenyewe asiyejali. Nimeona magari ya miaka minane yakifukiza barabara nzima kama tanuri la mkaa. Sheria inapaswa kuupima moshi wenyewe, na mwenye gari anayelitunza hatakuwa na hofu nao.

Watanijibu tena kwamba spea hazipatikani. Kwa sehemu ni kweli. Hata jina la Datsun limekufa mara mbili: kampuni ya Nissan ilianza kuliondoa mwaka 1981, ikalifufua mwaka 2013, ikalizika tena mwaka 2022. Lakini anayelijua gari lake anajua pia jamaa zake. Injini za ukoo huu ziliwekwa katika Violet 160J na Bluebird 180B, magari yaliyojaa Afrika Mashariki enzi zile, na vitu vingi hubadilishana. Asiyejua huingia dukani akataja jina la gari, akaambiwa hakuna. Anayejua huingia na kile kilichoharibika mkononi, pamoja na kipimo chake, akatafuta kinachofanana. Wacuba wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka sitini, tangu Marekani ilipowafungia biashara mwanzoni mwa miaka ya 1960, na magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 bado yanabeba abiria Havana. Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi.

Jibu lao la mwisho ni kompyuta. Wanasema magari ya siku hizi yana ubongo wa umeme, hivyo mambo ya mzee wa Maneromango yamepitwa. Ni kweli kwamba siwezi kurekebisha gari la mwaka 2015 kwa spana namba 14. Lakini angalieni walivyofanya wenzetu wasiokubali kufungiwa nje. Tangu mwaka 1996 Marekani ilitaka kila gari jipya la abiria linalouzwa huko liwe na tundu la aina moja chini ya dashibodi ambalo kifaa cha kupimia huchomekwa kikasoma kasoro. Leo kifaa kidogo cha namna hiyo hupeleka habari kwenye simu ya mkononi, hata ya kijana wa kijijini. Mwaka 2012 wapigakura wa jimbo la Massachusetts waliidhinisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa magari kutoa habari za matengenezo kwa wenye magari na gereji za kawaida. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa vitu vya nyumbani. Watu wa nchi tajiri, wenye uwezo wa kununua vipya, wanapigania haki ya kufungua vitu vyao. Sisi wa vya mitumba tunaona aibu kuitumia haki hiyo hiyo tuliyo nayo bure.

Sasa nifike kwa mtu wa tatu, mwalimu mwenzangu. Naomba asinikasirikie kabla hajamaliza kusoma.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule isiwatoe watoto katika kazi za watu wao, bali kichwa na mikono vifundishwe pamoja. Mimi ni mtoto wa andiko hilo. Nililisoma nikiwa kijana, nikalifundisha chuoni, nikajaribu kuliishi. Na nimeona kwa macho yangu jinsi tulivyoliua, si kwa kulipinga, bali kwa kulitumia vibaya. Mtoto alipochelewa namba, tulimpa jembe. Alipopiga kelele, tulimtuma kuchimba shimo la taka. Aliyepata maksi nzuri alisamehewa shamba ili asome. Kwa miaka na miaka tulimfundisha mtoto wa Kitanzania, kwa vitendo na si kwa maneno, kwamba kazi ya mikono ni adhabu, na thawabu ya akili ni kukaa kivulini. Kisha tukashangaa msomi wetu hawezi kubadilisha tairi.

Miaka ya 1970 shule za sekondari zilipewa michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansi kimu. Palikuwa na karakana zenye jiriwa na tupa. Nimewahi kuingia katika karakana ya aina hiyo miaka mingi baadaye na kukuta imekuwa stoo ya madawati mabovu, jiriwa zikiwa zimeshika kutu mahali pake. Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imerudisha masomo ya amali katika sekondari kama mkondo kamili. Nilifurahi niliposikia. Lakini furaha yangu ina wasiwasi, kwani nimeshawasikia walimu wakiuita mkondo wa wale wasioweza fizikia.

Wasioweza fizikia! Hebu mwalimu huyo aje chini ya mwembe wangu. Breki za gari lile ni sheria ya Pascal: ukisukuma mafuta mahali pembamba kwa nguvu ndogo, upande mpana hutoa nguvu kubwa. Gia ni hesabu ya uwiano. Taa iliyofifia kwa sababu ya waya wenye kutu ni somo la Ohm. Kutu yenyewe, ile inayokula chuma chini ya milango kimyakimya, ni kemia. Betri ni kemia. Daftari la matengenezo, lenye tarehe, kilomita na kilichobadilishwa, ni somo la uandishi wa ripoti, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Nilipokuwa mkuu wa shule niliweka utaratibu wa Jumamosi mbili kwa mwezi ambapo mwanafunzi yeyote aliyetaka angekuja tufungue gari pamoja. Sikuruhusu apelekwe mtu kwa adhabu. Siku moja kazi ilikuwa kusawazisha kabureta zile mbili. Kazi hiyo hufanywa kwa sikio: unachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja unaiweka sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, ukasikiliza mlio wa hewa inayofyonzwa. Kisha unasikiliza ya pili. Unalegeza na kukaza mpaka milio iwe sawa. Wavulana waliokuwa wakiongoza katika mitihani walibishana. Aliyesikia vizuri kuliko wote alikuwa msichana ambaye maksi zake za fizikia zilikuwa za chini. Alipomaliza kusawazisha aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini hewa inapofika pale pembamba inakimbia zaidi? Si ingepaswa kukwama?"

Hilo ni swali ambalo Daniel Bernoulli wa Uswisi alilifanyia kazi katika kitabu chake cha mwaka 1738. Darasani tulikuwa tumelipita katika mistari mitatu ya nukuu, na hakuna mwanafunzi aliyeuliza lolote. Pale kwenye gari swali lilitoka lenyewe, tena kwa mtoto tuliyekuwa tumemwandika kuwa hawezi. Kama hilo ndilo somo la wasioweza fizikia, basi fizikia yetu ndiyo isiyoweza.

Anayedhani mikono hushusha daraja la mtu amtazame Joginder Singh wa Kenya. Alizaliwa Kericho, akajifunza ufundi katika gereji ya baba yake, akawa makanika kabla hajawa jina kubwa. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa gari la Volvo PV544 ambalo halikuwa jipya, lilikwisha kukimbizwa na wengine. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Watu walimwita Simba. Madereva wengi walikuwa na mwendo. Yeye alikuwa pia na sikio la fundi, alijua gari linapolalamika na linalalamikia nini, na katika barabara zile gari lililofika ndilo lililoshinda.

Ninachokitaka kwa shule zetu ni kidogo na kinawezekana. Kila sekondari yenye mkondo wa amali ipate gari moja la zamani linalofunguka kwa spana, hata kama halitembei. Yapo mengi yamelala nyuma ya ofisi za umma yakiota majani. Gari hilo lifunguliwe na wanafunzi wote, wa kiume na wa kike, wanaokwenda vyuo vikuu na wasiokwenda. Daktari wa kesho aguse valvu kabla hajagusa moyo. Mtihani wake usiwe wa kuandika majina ya sehemu za injini, bali wa kuiwasha injini iliyozimwa makusudi. Na mwalimu wa fizikia awe pale pale, mikono ikiwa na grisi, ili mtoto asijifunze tena kwamba mwenye elimu husimama pembeni na kuelekeza.

Kwa mwenye gari ninachotaka ni kidogo zaidi. Jumamosi hii usiende kuoshesha gari. Fungua boneti injini ikiwa ya baridi. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kisha ukisome. Tazama maji. Kama plagi zinafikika, fungua moja uangalie rangi yake. Minya mkanda wa feni uone kama umelegea. Andika ulichokiona katika daftari, pamoja na tarehe. Usirekebishe kitu siku hiyo, tazama tu. Jumamosi ya pili utakuwa na swali, na hapo utafute fundi mwaminifu umuulize, umlipe kwa jibu lake kama unavyomlipa daktari.

Nawe mwalimu mwenzangu, fanya hivyo mbele ya wanafunzi wako. Hotuba zetu juu ya heshima ya kazi wamezisikia nyingi. Mikono yetu hawajaiona ikichafuka.